Kusimama na Kusema

Hili ni somo la historia. Limesomwa redioni, na sasa limechapwa ili kila mmoja wenu alisome mwenyewe polepole, akirudia pale anapotaka. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: laigwanani, hati, tasnifu. Kila moja tutalieleza likifika zamu yake.

Leo twasoma habari ya kusema mbele ya watu. Labda mtu atauliza, je, kusema nako kuna historia? Si kila mtu husema tangu utoto wake? Ni kweli. Lakini kusema na jirani dukani ni jambo moja, na kusimama mbele ya mkutano, macho yote yakikutazama wewe, ni jambo jingine kabisa. Katika madarasa niliyoyatembelea, wengi mmeniambia kwamba kusoma mmeanza kukuweza, ila mkiitwa kusimama na kusema, magoti hutetemeka na maneno hukimbia. Kwa hiyo nimechagua habari za watu wa Karatu na Ngorongoro, maana huko maneno ya mkutanoni na maneno ya karatasini yalipata kuamua nani akae wapi na ng'ombe wake wanywe maji gani.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Ukitoka Arusha kwenda magharibi, unapita Makuyuni, unafika Mto wa Mbu, kisha gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Juu kule unakuta udongo mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi na maharage, na mibuni chini ya mlima Oldeani. Hapo ndipo Karatu. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wambulu. Ukiendelea kupanda unafika lango la Lodoare, unaingia msituni na katika ukungu, na mara unaona chini yako shimo kubwa la Ngorongoro, ambalo kina chake ni kama mita 600. Nyanda za juu zinazolizunguka ni malisho ya Wamasai. Wako pia Wadatoga, na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe.

Angalieni jambo hili. Kimasai na Kidatoga vina undugu wa mbali. Kiiraqw ni cha ukoo mwingine, ukoo wa lugha za Kikushi. Na Kihadza, wataalamu wameshindwa kukipatia ndugu. Basi watu wa lugha nne wakikutana sokoni au mkutanoni, husemezana kwa Kiswahili, ambacho wengi wao hawakukinyonya kwa mama zao. Wewe unayeona haya kwa sababu Kiswahili chako kina lafudhi ya nyumbani, jua kwamba huko karibu kila msemaji yuko hivyo, na mikutano inaendelea.

Sasa tuje kwenye neno la kwanza ubaoni, laigwanani. Huyu ni msemaji na kiongozi wa rika kwa Wamasai. Neno lenyewe linatokana na neno la Kimasai la kushauriana. Kijana huyu huchaguliwa na wazee pamoja na rika lake, naye hukabidhiwa rungu kuwa alama ya kazi yake. Msidhani kwamba huchaguliwa yule mwenye sauti kubwa. Hutazamwa tabia yake, na kama ana subira. Wala kazi yake si kuamuru. Mkutano hukaa chini ya mti, kila anayetaka kusema husimama akiwa na fimbo au rungu mkononi, wengine huketi na kusikiliza hadi amalize. Maneno huzunguka hivyo saa nyingi, pengine siku nyingi. Laigwanani huyasikiliza yote, ndipo huyakusanya na kuyasema yale ambayo watu wamekubaliana. Akisema yake tu, watu humwacha.

Kwa Wairaqw iko desturi iliyo karibu na hiyo. Kiongozi wa wazee wa mahali huitwa kahamusmo, na maana yake ni msemaji. Tena wanayo maombi marefu yaitwayo slufay, ambayo mzee huyasema mbele ya watu wakati wa mkusanyiko, kuomba mvua, afya na amani, nao watu humwitikia. Maneno ya slufay yana mpangilio wake na mapigo yake. Mzee hayasomi popote. Huyajifunza kwa kukaa miaka mingi karibu na wazee wengine wanaoyasema. Kwa hiyo shule ya kusema ilikuwapo kabla ya shule ya madawati, na darasa lake la kwanza lilikuwa kunyamaza.

Hapa naomba ruhusa nieleze kidogo habari yangu, maana nililijua jambo hili kwa aibu. Mimi ni mzaliwa wa Karatu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nikisomea diploma, niliwekwa katika mdahalo wa wanafunzi. Chuo sitakitaja. Nilijiandaa wiki nzima. Niliandika kurasa nne za Kiingereza, nikazikariri zote, neno kwa neno, usiku mwenzangu wa chumbani akiniomba nizime taa. Siku ilipofika nikasimama, nikasema "Mheshimiwa mwenyekiti." Neno la pili halikuja. Nikasema tena "Mheshimiwa mwenyekiti." Nilipolisema mara ya tatu ukumbi mzima ukacheka, nami nikaketi. Muda wote uliobaki nilitazama viatu vyangu.

Likizo ikaja, nikarudi nyumbani. Babu alinichukua twende naye mkutano wa kijiji. Shauri lilikuwa juu ya bomba la maji, lipite wapi. Watu walisema kwa hasira tangu asubuhi. Mzee mmoja alikuwa amekaa kimya muda wote. Mwisho akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Huyu baba amesema ng'ombe wake watakosa njia. Mama yule amesema watoto wanachelewa shule kwa ajili ya kuchota maji. Kijana huyu amesema fedha haitoshi. Je, nimewasikia sawasawa?" Watu wakaitika kwamba amewasikia. Ndipo akaongeza jambo moja tu, jambo lake mwenyewe, nalo lilikuwa fupi. Shauri likakatwa jioni ile ile. Njiani Babu hakunieleza kitu, nami sikuhitaji kuelezwa. Mzee yule hakukariri. Alibeba maneno ya wenzake, na maneno ya wenzake yakambeba yeye. Niliporudi chuoni niliomba nafasi tena katika mdahalo, nikaanza kwa kurudia aliyoyasema mpinzani wangu. Sikushinda, lakini sikuketi kabla ya kumaliza.

Hiyo ndiyo nguvu ya kusema kwa wazee wetu. Lakini, ndugu zangu, somo la historia lisiwe la kujisifu tu. Yatupasa tuone pia pale nguvu hiyo ilipokosa kutosha. Sasa soma ubaoni neno la pili, hati. Hati ni karatasi iliyoandikwa mapatano na kutiwa sahihi.

Mwaka 1951 Serikali ya Waingereza ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na ndani ya mipaka yake ilitia hata Ngorongoro. Wafugaji waliambiwa kwamba haki zao hazitaguswa. Baada ya miaka michache yakaja makatazo. Kilimo kikakatazwa ndani ya hifadhi, wafugaji wakalalamika, na watu wa Ulaya na Marekani waliopenda wanyama nao wakalalamika kwamba Serikali inawalegezea wafugaji. Tume ikaundwa mwaka 1957. Mwisho ikaamuliwa kuigawa nchi hiyo sehemu mbili: Serengeti iwe ya wanyama peke yao, na Ngorongoro iwe mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa porini watakaa pamoja.

Tarehe 21 Aprili, 1958, wazee 12 wa Kimasai waliiweka alama yao kwenye hati. Hati ile ilisema kwamba wanaacha madai yao yote juu ya nchi ya Serengeti, na kwamba watakuwa wamehama na watu wao, mali zao na ng'ombe wao kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka ule ule. Waliahidiwa kuchimbiwa maji kule Ngorongoro. Miaka mingi baadaye mmoja wa wazee hao alimwambia mwandishi wa Kimarekani, Raymond Bonner, kwamba waliambiwa watie sahihi, hawakuelezwa vizuri, na kwamba hakuna hata mmoja kati ya wazee wale aliyejua kusoma wala kuandika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, kisha fikiri. Hawa walikuwa wasemaji hodari. Chini ya mti hapakuwa na afisa aliyeweza kuwashinda kwa hoja. Lakini shauri lilihamishwa kutoka chini ya mti na kuwekwa juu ya karatasi, tena kwa lugha ya mbali. Aliyeshika kalamu ndiye aliyesema neno la mwisho.

Mwaka uliofuata ulionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Sheria ya Eneo la Ngorongoro ilikuwa imetungwa. Tarehe 27 Agosti, 1959, Gavana wa Tanganyika, Sir Richard Turnbull, aliwahutubia wajumbe wa Baraza la Wamasai. Aliwaambia wazi kwamba Serikali inakusudia kuiendeleza nchi ile kwa faida ya watu wanaoitumia, na kwamba wanyama watalindwa, lakini ikitokea hitilafu kati ya haja za wanyama na haja za wenyeji, haja za wenyeji zitatangulia. Kwa Mmasai neno lililotamkwa na mkubwa mbele ya mkutano ni ahadi. Watu wakalihifadhi kichwani, wakawasimulia watoto wao. Lakini hotuba si sheria. Hati ya 1958 ilitekelezwa kwa tarehe na mpaka, na hotuba ya 1959 ikabaki kukumbukwa tu. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi chini ndani ya kreta waliondolewa, na mwaka 1975 sheria ilipiga marufuku kilimo katika eneo zima.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini wazee wa 1958 hawakutuma mjumbe aende mbali kusema? Si kwamba jambo hilo halikujulikana katika nchi ile. Jirani zao Wameru walikuwa wamelifanya. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki ili mashamba yapewe wazungu. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Ardhi haikurudi mara ile. Lakini dunia ililisikia jina la Meru, na Japhet aliporudi alisimulia habari hiyo mikutanoni.

Habari za Serengeti nazo zilisikika duniani, ila aliyezisema alikuwa mtu mwingine. Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alikuwa na kipindi chake cha televisheni tangu mwaka 1956. Yeye na mwanawe Michael walirusha ndege yao juu ya Serengeti na Ngorongoro wakihesabu wanyama. Michael alikufa ndege ilipoanguka Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kreta, na kaburi lake liko huko hata leo. Kitabu na filamu yao vilienea Ulaya na Marekani. Grzimek alikuwa msemaji hodari, hilo sitamnyima. Aliwafanya watu ambao hawakuwahi kumwona nyumbu wamlilie nyumbu. Lakini wale waliowasikiliza Wamasai walikuwa Wamasai wenzao.

Tushuke tena Karatu kidogo. Zamani Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Wilaya yake yenyewe ilipata katika miaka ya 1990. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Huko watu walimchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake, wakamwacha Chifu Amri Dodo aliyewekwa na chama. Nalitaja jambo hilo ili mjue watu wa upande huo ni wasikilizaji wa namna gani. Huja mkutanoni, huketi, husikia, hushukuru, kisha hurudi nyumbani na kuamua wenyewe.

Sasa twende chuoni. Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha kwanza katika nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kwa kijana wa miaka ile, kufika Mlimani kulikuwa kama kupanda mlima kweli. Huko alikutana na vijana wa makabila yote na wa nchi nyingi, na mabishano hayakuisha, darasani, bwenini na mezani wakati wa chakula. Kuanzia mwaka 1967 palikuwa na chama cha wanafunzi wapinga ukoloni kilichoongozwa na Yoweri Museveni wa Uganda, nacho kikawa na gazeti lake, Cheche. Miongoni mwa walimu alikuwapo Walter Rodney wa Guyana, ambaye tangu shuleni kwao alisifika kwa midahalo.

Lakini mwanafunzi anaweza kujua kusema na bado akakosea. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walisoma tamko lao mbele ya Rais Nyerere na mawaziri wake. Tamko lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kizuri, tena kwa ukali, hata likadokeza kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Rais alikasirika sana. Alisema mishahara ya wakubwa ndiyo inayowafundisha vijana tamaa, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi wapatao 400. Mimi naona si hoja yao yote iliyokuwa mbaya. Kosa lao ni kwamba waliandika kama watu wasiojua ni nani atakayewasikia: mtu aliyezunguka nchi nzima akiupinga ukoloni, na wakulima ambao kodi yao ndiyo iliyowasomesha. Yule mzee wa bomba la maji asingelifanya kosa hilo.

Ni katika Mlima huo huo alipofika baadaye kijana mmoja kutoka Ngorongoro, mtoto wa wafugaji, jina lake Lazaro Moringe Parkipuny. Hapa ndipo neno letu la tatu, tasnifu. Tasnifu ni maandishi marefu ya uchunguzi ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu huyaandika ili apate shahada. Parkipuny aliandika ya kwake mwaka 1975, na hakwenda mbali kutafuta jambo la kuchunguza. Aliandika habari za wafugaji wa Kimasai. Ndiyo kusema mwaka ule ule ambao sheria ilikataza kilimo Ngorongoro, mtoto wa Ngorongoro alikuwa akiandika kurasa za chuo juu ya watu wake.

Fikiri juu ya tofauti hiyo. Mwaka 1958 wazee walijua kusema na hawakujua kusoma. Mwaka 1975 palikuwa na mtu mmoja aliyejua mambo yote mawili. Alikuwa amezaliwa kwa watu wa rungu na mkutano, na sasa ameshika kalamu, anaweza kuisoma sheria kifungu kwa kifungu na kuuliza neno hili lina maana gani. Alifanya kazi katika mradi wa mifugo wa Wamasai uliosaidiwa na Marekani. Katika miaka hiyo ya 1970 alipata safari ya kwenda Marekani, na huko akaomba awaone wenyeji wa asili wa nchi ile. Akafika kwa Wanavajo, ambao pia ni wafugaji, akakaa nao na kusikia habari zao za ardhi. Alikwenda kama msikilizaji kwanza.

Mwaka 1980 watu wa Ngorongoro walimchagua awe Mbunge wao, naye akakaa Bungeni miaka kumi. Kisha, tarehe 3 Agosti, 1989, alisimama mjini Geneva, Uswisi, mbele ya kikundi cha Umoja wa Mataifa kilichoshughulikia watu wa asili. Pamoja naye alikuwapo Mhadza. Hao wawili walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kushiriki katika mkutano huo. Fikiri: mtu wa Ngorongoro na mtu wa Ziwa Eyasi, watu ambao serikali nyingi zilipitisha mashauri juu yao bila kuwauliza.

Na Parkipuny alisema nini? Hakuanza kwa kulaumu nchi yake. Alianza na mzigo ambao Afrika nzima imeubeba kwa sababu ya ukoloni na biashara isiyo ya haki duniani. Kisha, akiwa amesimama juu ya ukweli huo wa wote, akaingia katika jambo lake: kwamba hata ndani ya nchi zilizo huru wako wafugaji na wawindaji ambao mila zao huonwa kuwa za aibu na za kurudisha nyuma maendeleo, na ardhi yao huchukuliwa. Sidhani kwamba mpangilio huo alifundishwa Mlimani peke yake. Ni ule ule wa mkutano wa wazee. Yabebe kwanza ya watu wote, ndipo ulete lako. Ila safari hii maneno yalikuwa yameandikwa, nayo yakabaki katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, ambapo hakuna wa kusema kwamba hayakusemwa.

Aliporudi, mwaka 1990, wenzake pamoja naye waliandikisha chama chao, KIPOC, jina ambalo kwa Kimasai lina maana ya kwamba tutapona, tutasimama tena. Parkipuny alifariki mwaka 2013. Alipata sifa, alipata pia lawama, hata kutoka kwa watu wa kwao. Msemaji wa watu hawezi kuyakwepa hayo.

Shauri la Ngorongoro halikwisha naye. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamisha watu kwenda Msomera, Wilaya ya Handeni, kwa maelezo kwamba watu na mifugo wamezidi na hifadhi itaharibika. Wako waliojiandikisha na kuhama. Wako waliokataa, na Agosti 2024 maelfu yao walikusanyika barabarani Ngorongoro. Somo hili si mahali pa kulikata shauri hilo. Ninachotaka mwone ni kwamba katika mabishano hayo hati ya 1958 na hotuba ya 1959 zilitajwa tena na tena, na safari hii wako vijana wa pale pale wanaoweza kuzifungua, kuzisoma kwa sauti na kuwafasiria wazee.

Basi turudi katika darasa letu. Nimeulizwa na wengi, nitajifunzaje kusema? Chuoni hutufundisha mambo mengi, na mengine mtayaona ni madogo. Simama kwanza, pumua, watazame watu, ndipo ufungue kinywa. Kimya cha kitambo kidogo hakimuui mtu. Usikariri hotuba nzima, nimekwisha kuwaambia yaliyonipata. Andika kwenye kikaratasi maneno matano au sita tu, ya kukukumbusha. Hapa ndipo kisomo chenu kinapoingia, maana yule asiyeweza kuandika maneno hayo sita hana budi kuvibeba vyote kichwani, na kichwa chenye hofu huvuja kama debe bovu. Kama una hesabu, iandike: magunia mangapi, shilingi ngapi, tarehe gani. Rudia aliyoyasema mwenzako kabla ya kumpinga. Tena likiletwa karatasi mkutanoni ili mtie sahihi au kidole, usione haya kusema, "Naomba isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha tupewe siku tatu." Jifunze kuisema sentensi hiyo hata ukiwa na hofu. Akina mama, nanyi isemeni. Nimehudhuria mikutano mingi ya vijiji ambako wanawake ndio wanaojua kisima kiko umbali gani, na wanaume ndio wanaosema.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi achague jambo moja la kijijini kwake, la maji, njia, shule au ghala. Amwulize jirani mmoja ambaye hakubaliani naye, asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aandike katika daftari maneno sita. Katika kipindi kijacho mwalimu atawaita mmoja mmoja, msimame kwa dakika mbili, mwanze kwa kueleza aliyoyasema jirani, ndipo mseme yenu. Jirani huyo akiweza kuja darasani, mkaribisheni aketi mbele, ili aulizwe kama amesikiwa sawasawa. Mwalimu aanze na wale wa viti vya nyuma.